Ufukwe Uliofagiwa

Boti ya Mfuko wa Fukwe ilipolizunguka jabali na kijiji cha Mtowashale kikajitokeza, Somoe alifumba macho kidogo akaomba ngoma isiwepo. Ilikuwepo. Aliisikia kabla hajawaona wapigaji, na moyo ukamshuka. Katika kazi yote ya upimaji hakuna kilichomchosha kama kupokewa. Mtu anayepigiwa ngoma hawezi kukaa chini. Lazima acheke, lazima atikise kichwa, na wakimzidi atikise na kiuno, hata kama magoti yanamwaka moto na usingizi wa botini haukumpata.

"Wamejaa," alisema Mzee Chitanda, aliyekaa upande wa pili na furushi lake la nguo mapajani.

"Hujaa kila mahali, mzee. Hata pale pasipo na watu hujaa."

Chitanda alicheka kwa adabu. Mzee huyu hakuwa mfanyakazi wa Mfuko. Alikuwa diwani wa zamani wa Kingolwe, kijiji kilichoanguka kipimo msimu uliopita, na alikuwemo botini kwa sababu sheria ilitaka awemo. Nyuma yao, limefungwa kamba na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, lilisimama pipa la chachu. Lilikuwa pipa hilo moja tu kwa kipande chote hicho cha pwani ya kusini. Mtowashale ikifaulu, pipa ni la Mtowashale. Ikishindwa, pipa linakwenda Kingolwe, mradi shahidi wa Kingolwe ameona kwa macho yake mwenzake akishindwa. Aliyeanguka hasimami mpaka mwingine aanguke. Waliotunga sheria hiyo walikaa kwenye ukumbi wenye kipoza hewa, mbali na maji ya chumvi, na Somoe alipoanza kazi aliiona ni sheria ya haki kabisa. Siku hizi hakuiona kwa namna yoyote. Aliitekeleza tu, akarudi nyumbani, akalala.

"Nikwambie kweli, Bi Somoe?" alisema Chitanda. "Jana nimeswali, nikafika kwenye dua nikakwama. Nikiomba letu liwe, nimewaombea hawa mabaya. Nikiwaombea hawa heri, watu wangu watanila mzima."

"Ukafanyaje?"

"Nikasema amin, nikalala."

Boti ikajiegesha yenyewe. Vigelegele vikapanda. Ufukwe wa Mtowashale ulinyooka mbele yao mweupe pe, hauna jani, hauna kijiti, hauna hata gamba la kaa, na alama za fagio zilionekana zimepangwa mstari kwa mstari toka nyumba za mbele mpaka majini. Mwenyekiti wa kijiji, Bi Mwajabu Lichela, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu msibani, alishuka mpaka maji yakamfika magotini ili ampe mgeni mkono.

"Karibuni, karibuni sana! Mgeni njoo mwenyeji apone!"

"Tumekaribia, Bi Mwenyekiti. Hongereni. Panapendeza kweli," alisema Somoe, kama alivyokuwa akisema kila mahali palipopendeza.

"Tungekupokea na uchafu, mwanangu? Sisi si watu wa hivyo."

*

Kulikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka chini ya turubai, lakini mpimaji hali kabla ya kupima. Hilo nalo ni sheria. Somoe akanywa maji ya dafu amesimama, akaitoa fimbo kwenye mkoba wake, akaifuta.

Watu wakamfuata kwa mbali. Nyumba za mbele zilikuwa karibu na maji kuliko alivyozikumbuka kwenye ramani. Nyuma ya mojawapo mama mmoja alikuwa anaanika nguo za mtoto, akaacha, kanga ikabaki mkononi inadondosha maji. Wote walijua habari za Kingolwe. Msimu mmoja tu bila chachu, na bahari ilikuwa imekula shule, kisima na safu mbili za nyumba. Waliopoteza nyumba walihamishiwa Makazi Mapya huko bara, kwenye mabanda ya bati yaliyojengwa kwa foleni, ambako mvuvi alipewa jembe na kuambiwa ashukuru.

Bahari hii iliwahi kuzuiwa kwa mengi. Babu zao walijengewa kuta za mawe. Maji yakazichimba chini zikalala kifudifudi. Wakaja wa meli wakamwaga mchanga usiku na mchana. Bahari ikauchukua kabla meli haijarudi bandarini. Mwishowe ukaja utando. Ni viumbe wadogo wasioonekana, waliofugwa maabara na kupandwa mchangani, wakashikana punje kwa punje mpaka ufukwe mzima ukawa kitu kimoja, laini kwa juu, mgumu kwa chini, na wimbi likija linateleza na kurudi mikono mitupu. Kwa kuwa ulikuwa hai, utando ulikula. Chakula chake kilikuwa mwani na majani yanayotupwa na bahari, ndiyo maana ilikatazwa kuyagusa, na pwani zote za Mfuko zikawa zinanuka. Na kila msimu ulitaka chachu mpya, kama unavyotaka mkate wa kumimina.

Chachu ilikuwa ghali, na ililipwa na kodi ya kila mtu, hata yule wa bara ambaye hajawahi kulowesha kidole baharini. Basi watu wa bara wakapiga simu redioni. Kwa nini hela yetu inamwagwa mchangani? Kwa nini hawahami? Wakubwa wakatafuta jibu la kuwanyamazisha, wakapata fimbo. Fimbo haihongwi, haina shemeji, haina kabila. Unaichoma mchangani, inasikiliza pumzi ya utando. Ukipumua, taa ya kijani. Usipopumua, nyekundu, na habari inafika makao makuu kabla hujainyofoa. Ufukwe uliokufa haumwagiwi chachu, mpaka mwingine nao ufe.

Mahali pa kwanza pa kuchoma palichaguliwa na fimbo yenyewe, mbele ya msikiti. Somoe akapiga goti lake bovu, akachoma, akangoja.

Nyekundu.

Mahali pa pili fimbo ilichagua karibu na mitumbwi iliyopinduliwa. Safari hii Bi Mwajabu alisogea mpaka Somoe akasikia joto la pumzi yake shingoni.

Nyekundu.

"Haiwezekani," alisema Bi Mwajabu. Ile sauti yote ilikuwa imekwisha. "Bi Somoe, fimbo yako mbovu. Pwani yetu ni nzima! Juzi hapahapa wamepita na mkokoteni wa mawe, hata gurudumu halikuzama."

"Fimbo si mbovu, mama."

"Basi choma tena."

"Bado mara moja. Ya tatu nachagua mimi."

Ya tatu ilikuwa ya mpimaji. Ikiwa kijani, ingeokoa zile mbili, kwani wenye sheria walikubali kwamba jicho la mtu mzoefu linaweza kuona kisichoonwa na fimbo. Lakini kabla ya kupewa kazi mpimaji aliapa kwamba atachagua mahali panapofanana na ufukwe wote, si pabovu kupita pengine wala pazuri kupita pengine, na Somoe alikuwa hajawahi kukivunja kiapo hicho. Alijivunia. Katika maisha yaliyokuwa yakimpungukia vya kujivunia, hicho kilikuwa kimebaki.

Alimtazama Chitanda. Mzee alikuwa ameinamia vidole vyake vya miguu. Furaha ilikuwa inampanda usoni na yeye anaikandamiza, anaona haya nayo, maskini, mbele ya watu waliotoka kumpa mkeka akae.

*

Somoe akatembea peke yake kuelekea upande wa kusini. Kila hatua ilikuwa sawa na iliyotangulia: mchanga mweupe, mistari ya fagio. Popote angechoma pangefanana na pengine, na pote alijua taa ingekuwa ipi. Alitaka tu limalizike. Alishajua maneno atakayoyasema, maana alikuwa ameyasema mahali pengi, na alishajua kina mama watakaa chini namna gani.

Ndipo harufu ikampiga.

Nyumba ya mwisho ilikuwa kibanda cha makuti kilichoegemea upande, na mbele yake mwani ulikuwa umelala hadi magotini, mweusi, umejaa inzi, umechanganyika na majani, magamba na viatu vilivyotupwa na maji. Mpaka wa fagio ulikuwa umekatika pale kama kwa kisu. Kwenye kigoda mlangoni aliketi mwanamume wa makamo, kifua wazi, anakula muhogo wa kuchoma.

"Karibu kwa mchafu," alisema. "Mimi Ngwele. Wameshakwambia habari zangu?"

"Bado."

"Watakwambia. Mimi sifagii kwa ajili ya serikali. Serikali ilishakuja lini kufagia kwangu?"

Somoe angepita. Hapa hapakufanana na ufukwe wote, ilikuwa wazi kwa mwenye macho. Lakini goti lilimuuma, akaweka mkono chini ajishikize, na kiganja chake kikazama kwenye mwani mpaka kikagusa mchanga. Akakiacha hapo. Mchanga ulikuwa na unyevu, mgumu, na ulikuwa na joto, lile joto la unga uliofunikwa kitambaa jikoni. Akainuka, akavuka ule mpaka, akaweka kiganja kwenye mchanga mweupe. Baridi, japo jua lilikuwa la utosi. Akarudi kwenye mwani. Joto. Ngwele akaacha kutafuna.

"Umepoteza pete?"

"Wenzako wamefagia lini?"

"Toka jana alfajiri. Kama wanaoza binti! Mwenyekiti kapita nyumba kwa nyumba na fagio la njiti, kila mtu na mbele ya mlango wake. Nikasema mimi simo, wakanitukanisha mpaka kwa mama mkwe."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine pwani nzima iko hivi! Si mmekataza? Mwaka mzima tunalala na uvundo huu, tunakula na inzi, hatugusi. Ila jana tukaambiwa mgeni anakuja." Akainua mabega. "Mgeni unamweka kwenye uvundo?"

Somoe akakaa chini palepale, kwenye mwani, na gauni lake la kazi.

Utando haukuwa umekufa. Ulikuwa umefunga. Ukiondolewa kifuniko na kupigwa na jua ghafla, hujikunja kama konokono, na haufunguki kwa wiki kadhaa. Kule maabara hawakuligundua hilo kwa sababu ndogo mno: maabara hakuna mgeni anayefagiliwa. Walijaribu chumvi, walijaribu mafuta ya meli, walijaribu dhoruba. Fagio la njiti halikumjia mtu akilini.

Kisha fikra ya pili ikaja, nayo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Akakumbuka vijiji alivyopima: akawaona watu wa Nangoro wakimpokea kwa mchanga uliochekechwa. Akaiona Msongo, ambako mtoto alikimbia mbele yake akiokota kila jani lililodondoka, na yeye akampapasa kichwa. Zote zilikuwa nyekundu. Na zilizofaulu? Lipunda, ambako mwanamke alikataa kuitikia salamu yake na mbuzi walikuwa wamelala kwenye takataka. Kisiwa cha Chole Dogo, ambako walimrushia maneno toka dirishani. Alikuwa amezipa chachu pwani za watu waliomchukia, na za waliomheshimu alizihukumu kufa, na pote alisema hongereni.

Alilia, lakini si sana. Hata machozi yalikuwa yamechoka.

*

Chitanda alimkuta hapo. Alikuwa ametumwa na Bi Mwajabu aangalie mpimaji amepatwa na nini. Somoe akamweleza yote, polepole, akamshika mkono akaupeleka chini ya mwani, kisha kwenye mchanga mweupe. Mzee akabaki hivyo, mkono wake mmoja kwenye joto na mwingine kwenye baridi.

"Sisi tulifagia siku mbili," alisema hatimaye. "Mke wangu aliumwa kiuno hadi mfungo ukaingia."

"Najua."

"Ulituambia panapendeza."

"Nilisema, mzee."

"Kwa hiyo ile pwani yetu ilikuwa hai." Sauti yake haikupanda, na Somoe angependa ipande. "Shule ile. Kisima. Nyumba ya dada yangu. Vyote vilikuwa vimeshikwa na kitu kilicho hai."

"Kilikuwa kimelala tu. Ndiyo."

Ngwele, ambaye alikuwa akisikiliza bila kujificha, aliingia ndani ya kibanda chake akaufunga mlango.

Somoe akasema yaliyobaki, kwa sababu yalikuwa lazima yasemwe. Angeweza kuchoma fimbo hapa. Ingekuwa kijani, pipa lingefunguka, Mtowashale ingebaki. Lakini hapa hapakufanana na ufukwe wote. Angekuwa amevunja kiapo, na shahidi alikuwa na haki ya kukataa. Chitanda akikataa, wachome kwenye mchanga mweupe, iwe nyekundu, na pipa liende Kingolwe. Chachu isingevumilia joto zaidi ya kesho.

"Na nikisema ukweli wote," aliongeza, "kwamba vipimo vyangu vyote havina maana, makao makuu watafunga kazi wachunguze. Wale wa redioni watapata walichokitaka. Msimu ujao pengine hakutakuwa na pipa la mtu yeyote."

"Na usiposema?"

"Nitaendelea kupokewa."

Chitanda aliitoa mikono yake mchangani akaikung'uta. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Somoe alitamani aamue yeye, mzee wa watu, amtue huo mzigo, na papo hapo alijionea aibu kwa kutamani hivyo.

"Hebu nijibu kama mpimaji," alisema Chitanda. "Pipa lile likimwagwa kwetu kesho, litashika?"

Alifikiri kumdanganya. Ingekuwa rahisi, tena ingefanana na huruma. "Halitashika. Utando ukikaa msimu mzima hauna chachu, umebaki nyuzi. Bahari itaila chachu yote kwa wiki moja."

"Na ungelimwaga?"

"Sheria ingeniambia nilimwage. Ningelimwaga."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Watu wangu wamekaa wananingoja mimi na pipa. Nimewaambia safari hii tutapata." Kisha akasema kama mtu anayekohoa kilichomkwama: "Choma hapa. Mimi nimeona panafanana. Jana pote palikuwa hivi, si ndivyo? Basi panafanana. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Utakuja Kingolwe, wewe, kwa miguu yako, uwaambie. Usinitume mimi, wala usitume boti na sauti ya makao makuu. Wataniuliza nimekubali vipi, na mimi sina kinywa cha kusema ni fagio lililotumaliza. Uliwaambia panapendeza kwa kinywa chako. Waambie na hili."

Somoe aliwaza kitanda chake. Alikiwaza kweli, shuka lake la maua na pazia lililofungwa. "Nitakuja," alisema.

Akapiga goti, akausogeza mwani kidogo, akachoma. Taa haikusita. Toka mbali, mbele ya msikiti, mtu mwenye macho makali aliiona rangi yake, akapiga ukelele, na kijiji kizima kikaja mbio.

Fimbo ikauliza, kwa ile sauti yake ya adabu isiyo na mwenyewe, kama mpimaji ana la kuongeza. Huwa hana. Somoe akaileta karibu na mdomo.

"Ninalo. Vipimo viwili vya mwanzo ni vya ufukwe uliofagiwa kwa heshima yangu. Utando ukifagiwa hujifunga. Naamini fukwe karibu zote nilizoandika zimekufa zilikuwa hai nilipokuja. Mimi nimepima ukarimu wa watu nikaita upimaji. Rudieni zote, tena msiwaarifu kabla. Ni mimi, Somoe Mtumwene." Akaizima.

Mchana wote ule kina mama wa Mtowashale walirudisha uchafu. Waliubeba toka nyuma ya msikiti kwa matenga, kwa kanga, kwa beseni za kufulia, wakautawanya pale walipokuwa wamefagia, wakicheka na kulia na kutukanana. Chachu ilimwagwa mbele ya kibanda cha Ngwele, ikatokota ndani ya mwani, nyeupe kama tui la kwanza. Bi Mwajabu alikuja kumshika Somoe mikono yote miwili, na Somoe akaiachia haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

*

Walifika Kingolwe asubuhi, na maji yamekupwa. Chitanda hakuwa amepiga simu. Jambo kama lile, alisema, halipiti kwenye simu. Kwa hiyo walioiona boti ya Mfuko inakuja waliona walichokuwa wakikingoja, na Somoe akasikia vigelegele toka mbali, vichache kuliko vya Mtowashale, kwa kuwa watu wenyewe walikuwa wamepungua.

Nguzo za shule zilisimama majini. Ukanda wa mchanga uliobaki ulikuwa mwembamba, watu wawili wasingepishana. Ulikuwa umefagiwa.

Chitanda aliteremka kwanza. Wakamtazama usoni, wakatazama nyuma ya boti mahali pipa hukaa, wakayaona magunia matupu yaliyokunjwa. Kelele zikafa moja moja. Watu hawakuondoka. Walisogea karibu na maji wakasimama, wazee mbele, kina mama na watoto wao wa mgongoni, wakangoja waambiwe.

Somoe akashuka. Hakuwasalimia kwa hongereni. Aliwaambia kilichotokea Mtowashale, na utando unavyojifunga, na kwamba msimu uliopita alipokuja hapa pwani yao ilikuwa hai na yeye akaandika imekufa. Aliwaambia pipa limemwagwa kwingine na kwamba yeye ndiye aliyelimwaga, tena kwa kuvunja kiapo, na diwani wao alijua na hana kosa. Aliwaambia kwao halingeshika. Hakuongeza neno la kujitetea, ingawa mengi yalimjia, na mengine yalikuwa ya kweli.

Alipomaliza, hakuna aliyempigia kelele. Alikuwa amejiandaa kwa mawe, na mawe hayakuja. Kijana mmoja aligeuka akaondoka akipiga teke maji. Mke wa Chitanda alikwenda akasimama karibu na mumewe, bila kumgusa.

Mwanamke mkongwe alisogea mbele, mgongo umepinda, fagio la njiti bado liko mkononi. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea ili waisikie.

"Mjukuu wangu, mimi sijui habari za utando. Nakuuliza hili tu. Siku ile ulitembea hapa, ukatazama, ukatusifu. Nilikusikia kwa masikio yangu. Wewe ndiye mjuzi, umesomeshwa kwa hela za watu. Ulipoona hakuna hata jani, mbona hukuuliza?"

Somoe alilitazama lile fagio.

"Palikuwa pazuri, bibi," alisema. "Nami nilikuwa nimechoka. Nikafurahi tu."